Kusoma kwa ajili ya pointi, au kusoma kwa ajili ya mgonjwa?



Jumapili moja baada ya ibada, binti mmoja wa parokia yetu hapa Butembo alinifuata ofisini. Yuko mwaka wa tatu wa masomo ya uuguzi. Alikaa, akanyamaza muda mrefu, kisha akaanza kulia. Nilifikiri ni jambo la ada ya masomo, ile tunayoita minervali, kwa sababu ndilo linaloleta wanafunzi wengi ofisini kwangu. Haikuwa hivyo.

Alipokuwa kwenye staji, mama mmoja mzee aliandikiwa dawa za tension. Wakati wa kutoka hospitalini, yule mama alimuuliza binti kwa Kinande: “Mwanangu, nikijisikia vizuri, nitaendelea kumeza dawa hizi za nini?” Binti alijua jibu kwa Kifaransa. Alikuwa amelishika neno kwa neno kutoka kwenye silabusi. Lakini hakuweza kumweleza yule mama kwa maneno ambayo yangemwingia. Alimwambia tu: “Umeze kama daktari alivyosema.” Baada ya wiki chache mama alirudishwa hospitalini akiwa amepooza upande mmoja, na ulimi umekuwa mzito. Alikuwa ameacha dawa, kwa sababu alijisikia vizuri.

Binti akaniambia: “Pasta, katika somo lile nilipata pointi 16 juu ya 20.”

Tangu siku ile sijaacha kufikiri juu ya neno hilo. Watoto wengi wa makanisa yetu, kutoka Butembo, Beni, Oicha, Lubero na Mangina, wanasoma mambo ya afya. Wako katika shule za wauguzi za kiwango cha A2, wako katika ISTM, wako katika vyuo vikuu vyetu. Tunawaombea wafaulu mitihani. Tunatoa sadaka za shukrani wakifaulu. Lakini mara chache tunawauliza wanasoma namna gani. Nimejaribu kujifunza jambo hili, nimesoma, nimewauliza pia madaktari na walimu wa afya walio waumini kati yetu. Leo ninawaeleza niliyoyapata, kwa faida ya wanafunzi, ya wazazi na ya viongozi wa kanisa.

Njia tatu za kusoma

Katika mwaka wa 1976, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Göteborg nchini Sweden, Ference Marton na Roger Säljö, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma, wakawaambia kwamba baadaye wataulizwa maswali. Hawakutaka kujua tu nani amekumbuka mengi. Walitaka kujua kila mmoja alikuwa anafanya nini moyoni wakati wa kusoma.

Waliona tofauti iliyo wazi. Wanafunzi wengine waliyakamata maneno yenyewe. Walijitahidi kukumbuka kila sentensi kwa sababu waliogopa kuulizwa. Wengine walitafuta mwandishi anataka kusema nini, jambo hili linatoka wapi, na linafungamana vipi na yale waliyoyajua tayari. Njia ya kwanza waliiita kusoma kwa juu-juu, na ya pili kusoma kwa kina. Wale wa juu-juu mara nyingi walikosa kabisa ujumbe wa maandishi, hata kama walikuwa wamekaza sana. Hawakuwa wavivu. Macho yao yalikuwa kwenye maneno, na maana ikawapita.

Baadaye watafiti wengine, kama Noel Entwistle na Paul Ramsden wa Uingereza na John Biggs wa Australia, waliendeleza kazi hiyo. Waliongeza njia ya tatu: kusoma kwa mkakati. Mwanafunzi wa njia hii anamchunguza mwalimu. Anatafuta maswali ya miaka iliyopita, anajua ni sura gani inayorudi kila mwaka, anapanga saa zake vizuri ili apate pointi nyingi. Anaweza kutumia kina pale kinapolipa, na juu-juu pale kinapotosha.

Jambo moja tulishike vizuri: hizi si aina tatu za watu. Mtu yuleyule anaweza kusoma somo moja kwa kina na lingine juu-juu. Inategemea anachotafuta, anavyofundishwa, na anavyoulizwa katika mtihani. Kwa hiyo inaweza kubadilika, na hilo ndilo tumaini letu.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Katika shule ya theolojia nilishika Kigiriki kwa kukariri majedwali ya vitenzi. Nilifaulu. Mwaka mmoja baada ya diploma, niliposimama kuhubiri, Kigiriki chote kilikuwa kimeyeyuka, kwa sababu sikukitumia hata siku moja kutafuta maana. Lakini mchungaji akisahau kitenzi, kanisa halifi. Kwa muuguzi mambo ni tofauti.

Kwa nini jambo hili ni zito katika afya

Daktari mmoja, mzee wa kanisa, alinipa mfano. Mtoto wa miaka mitatu analetwa usiku, ana malaria kali, anapiga degedege. Mwanafunzi aliyekariri anajua: malaria kali, degedege, basi malaria imeingia kwenye ubongo. Anatafuta dawa ya kutuliza degedege. Mwanafunzi aliyeelewa anajiuliza kwanza: mwili wa mtoto huyu unafanyiwa nini na malaria? Anakumbuka kwamba malaria kali inaweza kushusha sukari ya damu, tena mtoto huyu hajala tangu jana, na kwamba kwinini nayo inaweza kushusha sukari. Sukari ikishuka sana, mtoto hupiga degedege. Basi anapima sukari, au pasipo na kipimo anafikiria kumpa sukari upesi. Wote wawili walisoma silabusi moja. Pengine wote walipata pointi sawa.

Mfano wa pili sisi wote tunaukumbuka. Wakati wa Ebola kila mlango wa Butembo na Beni ulikuwa na ndoo ya maji yenye klorini. Zilikuwepo nguvu mbili: asilimia 0.05 kwa mikono, na asilimia 0.5 kwa sakafu, vyombo na mahali palipomwagika damu au matapishi. Mtu aliyekariri namba hizo bila sababu anaweza kuzigeuza siku akichoka. Akinawisha watu kwa ile kali mara kumi, ngozi itaumia. Akisafisha damu kwa ile nyepesi, virusi vinaweza kubaki. Lakini aliyeelewa kwamba ngozi hai inahitaji dawa ya upole, na damu ya mgonjwa inahitaji dawa kali, hata akisahau namba atasimama kwanza na kuuliza.

Na mfano wa tatu ni wa zamani, ni wa nchi yetu. Ebola ilipojulikana mara ya kwanza huko Yambuku mwaka wa 1976, watu 318 waliugua na 280 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika hospitali ya pale wauguzi walipewa sindano tano kila asubuhi kwa wagonjwa wengi, na kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa tu kwa maji ya vuguvugu. Wale waliochoma sindano walijua kuchoma. Walikuwa na nia njema, na vifaa vilikuwa vichache mno. Lakini mkono unaojua kutenda bila kujua sababu ya usafi unaweza kubeba kifo kutoka kitanda hadi kitanda. Baadhi yao walikufa pamoja na wagonjwa wao.

Tusiwalaumu bure

Wazazi, msichukue maneno haya mkaenda kuwagombeza watoto. Tuangalie kwanza hali yao.

Wengi wanasoma kwa Kifaransa, huku wakifikiri kwa Kinande au Kiswahili. Neno likiwa la lugha ngeni, ni rahisi kulishika kama wimbo na kuliimba siku ya mtihani. Silabusi inauzwa, na mara nyingi ndicho kitabu pekee walicho nacho. Madarasa yamejaa. Mitihani mingi inauliza: toa maana, taja, orodhesha. Anayeulizwa kuorodhesha atasoma kuorodhesha. Hiyo ni akili, si upumbavu. Kwenye staji wanakuwa wengi kwa mgonjwa mmoja, na mwalimu hana nafasi ya kumsikiliza kila mmoja.

Juu ya hayo kuna vita. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limezika watu wake mara nyingi. Kati ya wanafunzi hawa wako waliokimbia vijiji, waliopoteza baba au ndugu, wanaolala familia mbili katika chumba kimoja, wanaosoma kwa mwanga wa simu mpaka chaji inaisha. Watafiti wanasema kwamba woga na mzigo mkubwa wa masomo ndivyo vinavyomsukuma mwanafunzi kwenye kusoma kwa juu-juu. Mwenye hofu hatafuti maana, anatafuta kupona tu. Sasa jiulize mwenyewe: ni wapi penye woga kuliko kwetu?

Na sisi kanisa tumeongeza woga huo. Tunamwambia kijana: “Familia nzima inakutegemea, usituaibishe.” Hatumwambii: “Mgonjwa anakutegemea, uelewe.” Tunasherehekea diploma, hatuulizi juu ya ujuzi. Na tukisikia kwamba mahali fulani pointi zinanunuliwa, tunanung'unika kimya-kimya, badala ya kusema wazi kwamba pointi iliyonunuliwa katika mambo ya afya ni deni ambalo mgonjwa ndiye atakayelilipa.

Kukariri si dhambi

Hapa kuna kosa lingine la kuepuka. Wengine wakisikia habari ya kusoma kwa kina, wanasema basi kukariri ni kubaya. Sivyo. Muuguzi anapaswa kujua kwa kichwa majina ya mifupa, vipimo vya dawa na dalili za hatari za mama mjamzito. Saa nane za usiku hakuna muda wa kufungua kitabu.

Watafiti waliochunguza wanafunzi wa Kichina katika miaka ya 1990 walishangaa. Wanafunzi hao walikariri sana, lakini pia walielewa sana. Walipoulizwa, ilionekana kwamba walirudia-rudia maneno ili wayaelewe zaidi, kila mara wakiona kitu kipya. Sisi watu wa kanisa tunalijua hilo. Mtoto wa shule ya Jumapili anashika aya kwa kichwa. Kama hakuna mtu wa kumweleza, aya inabaki wimbo. Akielezwa, na akipita katika majaribu ya maisha, aya ileile inamfungukia kila mwaka.

Kumbukeni yule Mwethiopia katika kitabu cha Matendo, sura ya 8. Alikuwa na kitabu mkononi, alikuwa anakisoma kwa sauti, alikuwa mtu mwenye cheo. Filipo hakumuuliza amefika ukurasa gani. Alimuuliza kama anafahamu. Naye akawa mnyenyekevu, akakiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Unyenyekevu huo ndio mlango wa elimu yote. Mwanafunzi wa afya asiyeweza kusema “sijaelewa” ni hatari kuliko yule asiyejua.

Mambo matano ya kufanya

Nimewauliza walimu na wauguzi wa siku nyingi, nikalinganisha na yale niliyosoma. Haya matano yanawezekana hata pasipo umeme na pasipo vitabu vingi.

La kwanza: funga daftari, ujiulize. Wengi wanasoma silabusi mara tano, sita, na kila mara wanaiona nyepesi zaidi. Wepesi huo unadanganya. Mwaka wa 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma maandishi na wale waliosoma mara moja kisha wakaandika bila kutazama yale waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa hiyo soma ukurasa, funga, andika au sema kwa sauti ulichoelewa, kisha fungua uone ulipokosea. Usiku umeme ukikatika, usilalamike tu. Giza ni nafasi nzuri ya kujiuliza.

La pili: eleza kwa lugha ya nyumbani. Kila jioni chagua jambo moja, umweleze mama yako au mdogo wako kwa Kinande au Kiswahili. Kwa mfano tension: damu inapita katika mishipa kama maji katika mpira. Nguvu ya maji ikizidi, mpira haulii wala haupigi kelele, lakini siku moja unapasuka. Dawa haimalizi ugonjwa huo, inazuia nguvu isizidi. Ukiiacha, nguvu inarudi, hata kama unajisikia vizuri. Ukishindwa kueleza hivyo, ujue Kifaransa chako kilificha kutokuelewa kwako.

La tatu: uliza “kwa nini” mpaka ufike chini. Kwa nini mgonjwa wa kuhara anapewa maji yenye chumvi na sukari, si maji matupu? Kwa sababu anapoteza chumvi pamoja na maji. Na sukari ni ya nini? Kwa sababu inasaidia utumbo kupokea chumvi na maji. Ukifika hapo huwezi tena kusahau, wala huwezi kumwambia mama atie chumvi nyingi akifikiri ndiyo itaponya haraka.

La nne: funga kila ukurasa na mgonjwa. Kwenye staji uwe na daftari dogo. Usiandike jina la mgonjwa, kwa maana siri yake ni yake. Andika ulichoona, ulichofikiri, na kile ambacho hukuelewa. Jioni kitafute katika silabusi, au umuulize muuguzi wa zamani. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa mwalimu wako mkubwa. Wale walioteseka mbele yako hawatakuwa wameteseka bure kwa upande wa elimu yako.

La tano: someni wachache pamoja. Watu watatu au wanne wanatosha. Mmoja awe mgonjwa, mmoja muuguzi, wengine wasikilize na kusahihisha. Kundi la kupokezana majibu ya mitihani ya zamani peke yake ni la mkakati tu. Si vibaya kujua mwalimu anauliza nini, lakini mgonjwa hatawauliza maswali ya mwaka jana.

Urithi tulioupokea

Jambo hili si geni kwetu. Pale Oicha, Daktari Carl Becker, mmisionari wa Marekani, alianza kazi katika miaka ya 1930. Wagonjwa walikuwa wengi mno, wakiwemo maelfu wa ukoma, na asingeweza peke yake. Alifundisha vijana wa hapa kazi ya hospitali, na baadaye alikuwa kati ya wale walioanzisha kituo cha kitabibu cha Nyankunde, huko Ituri. Nyankunde ndipo Daktari Helen Roseveare, Mwingereza aliyepata mateso makali katika maasi ya 1964, alirudi kufundisha wauguzi kuanzia 1966. Alikuwa na vidonda vya moyo vya kutosha kumfanya akae kwao. Alirudi kwa sababu aliona kwamba daktari mmoja anatibu walio mbele yake, lakini aliyefundisha vizuri anatibu hata asipokuwepo.

Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, watu wengi waliuawa, hata wagonjwa vitandani. Walionusurika, wauguzi na wanafunzi na wagonjwa, walitembea siku nyingi kwa miguu kupitia msituni kuelekea Oicha na Beni. Majengo yaliporwa, vitabu viliharibiwa. Lakini kile walichokuwa wamekielewa kilitembea pamoja nao, na walipofika wakaanza tena kutibu watu. Maarifa yaliyo katika karatasi yanaweza kuchomwa. Yale yaliyoingia ndani ya mtu yanavuka msitu.

Halafu ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Wahudumu wa afya zaidi ya 150 waliambukizwa. Hatujasahau Daktari Richard Mouzoko wa Cameroon, aliyeuawa hapa Butembo katika hospitali ya chuo kikuu, Aprili 2019. Katika miezi ile tulijifunza kwamba chanjo peke yake haikutosha. Watu waliwaogopa watu wa afya, wakawaficha wagonjwa. Mahali pengi kilichofungua mlango kilikuwa mtoto wa mtaa, muuguzi anayejulikana, aliyeweza kukaa na familia na kueleza kwa lugha yao kwa nini maiti isiguswe, kwa nini mgonjwa atengwe, na chanjo inafanya nini mwilini. Aliyekariri alisoma tangazo. Aliyeelewa aliweza kujibu swali la pili na la tatu.

Kanisa na wazazi wafanye nini?

Kwanza, tubadilishe swali letu. Mtoto akirudi nyumbani, usimuulize tu amepata pointi ngapi. Mwambie: “Nieleze jambo moja ulilojifunza wiki hii.” Hata kama wewe hukusoma, ukielewa wewe, yeye ameelewa.

Pili, tufungue majumba yetu. Ukumbi wa parokia uko wazi siku nyingi za wiki bila kazi. Wanafunzi wapewe meza, viti na taa ya jua. Waganga na wauguzi walio waumini watoe saa moja kwa mwezi kukaa nao. Hiyo nayo ni huduma, kama kuimba kwaya.

Tatu, mifuko yetu ya kusaidia wanafunzi isiangalie ada tu. Kitabu kimoja kizuri kinachotumiwa na watu kumi kinaweza kuwa na faida kuliko silabusi kumi.

Nne, tuwachukulie waliofiwa na waliokimbia kama watu, si kama mashine za kuleta diploma. Tukae nao, tuombe nao, tuwaache walie. Moyo ukitulia kidogo, akili inapata nafasi ya kutafuta maana.

Tano, tuhubiri wazi juu ya udanganyifu katika mitihani. Ezra aliuelekeza moyo wake kwanza kuichunguza sheria, pili kuitenda, ndipo akaifundisha. Hakuna anayefika hatua ya tatu kwa kuruka ile ya kwanza.

Yule mama na yule binti

Ninajua mtauliza habari ya yule binti. Siku ile sikumwambia kwamba hana kosa lolote, wala sikumwambia kwamba yeye ndiye aliyemlemaza yule mama. Wakubwa wake nao walikuwepo, na wakati wa kueleza ulikuwa wa wote. Nilimwambia: “Binti yangu, huzuni hii usiitupe. Iwe mwalimu wako.” Tuliomba. Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja kumtembelea yule mama. Binti alipiga magoti kando ya kitanda, akamweleza kwa Kinande, polepole, habari ya mpira na maji. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kwa mkono wake mzima alimshika binti kichwani. Maneno yake hayakusikika vizuri, lakini binti zake walisema anabariki.

Sasa kila Jumamosi alasiri wanafunzi sita wa afya wanakutana katika ukumbi wetu. Kila mmoja analeta jambo moja, na sharti ni moja: ulieleze bila silabusi, kwa lugha ambayo mama mzee ataelewa. Mara nyingine ninakaa nyuma ninasikiliza. Nimejifunza mengi juu ya figo na moyo. Yule mama bado hatembei vizuri, lakini anameza dawa zake kila siku, na wajukuu wake wanajua kwa nini.

Wapendwa wanafunzi, Bwana aliyewalinda katika njia za Beni na Butembo hakuwalinda ili mkusanye pointi tu. Wako watu ambao bado hawajaugua, wengine hata hawajazaliwa, ambao siku moja watalala mbele yenu na kuwauliza swali dogo. Someni leo kwa ajili yao. Mungu awatie nguvu, awape akili ya kuelewa na moyo wa huruma. Amina.